Kasuku Mweupe Aliyekohoa

Jumapili, Chuno. Mvua ya tangu alfajiri imekatika baada ya adhuhuri, lakini mawingu yamegoma kuondoka. Nyumba ina lile giza la mchana linalokufanya uwashe taa halafu uone aibu.

Naandikia jikoni. Sebuleni kuna ndege, na leo sitaki kukaa naye chumba kimoja.

Aliingia dirishani wiki iliyopita, amelowa chapachapa, akatua juu ya friji. Ni wale kasuku wadogo wa kufuga, mwili wa shomoro, mkia mrefu. Mume wangu yuko safarini na lori, kwa hiyo nilihangaika naye peke yangu. Nikamfuta kwa kanga, nikamfunika na tenga la kuku, nikamwekea uwele na maji.

Kwenye kundi la mtaa niliandika tu kwamba kasuku mdogo amepatikana. Rangi nikaificha makusudi, mwenye mali aitaje mwenyewe. Watu wakapiga. Ni wa kijani. Ni wa njano. Mmoja akasema, "Rangi yoyote tu, dada, watoto wanalia."

Ukweli ni kwamba hata mimi nisingeweza kuitaja. Mweupe, sawa, lakini chini ya tumbo ana baka la bluu kama amemwagikiwa wino, na mabawani vidoa vyeusi vichache, kimoja huku, kingine kule, bila mpango wowote. Kilichonisumbua zaidi ni macho. Kasuku aliyekomaa huwa na duara jeupe kuzunguka mboni. Huyu hana. Ni meusi matupu, hujui anakutazama wewe au kitu kilichosimama nyuma yako.

Nikamtumia picha binamu yangu Idrisa, anayefuga ndege Dar. Akanijibu kwa sauti.

"Dada, huyo ni wa mabaka, tena mabaka ya kurithi kwa siri. Baba anaweza kuwa wa bluu mzima, mama wa bluu mzima, wote wameyabeba damuni hawaonekani nayo, halafu anatoka mtoto kama huyo. Macho yao ndivyo yalivyo, hayaoti duara hata wazeeke. Na hiyo pua ya waridi isikudanganye ukadhani ni jike. Dume huyo, na madume ndio wasemaji. Mwache atulie, utamsikia."

Akanipa na somo la tundu. Liwe pana kuliko refu, maana kasuku huruka kwenda kando, hapandi juu kama helikopta. Nondo zilale ubavuni ili apande, na nafasi kati yake isipitishe kichwa. Waya wa zinki nisiuguse, atautafuna umdhuru. Fundi wa kuchomelea wa njia ya bandarini alikuwa na la duara, lenye kuba kama msikiti, la kijani, akalisifia mpaka akatoka jasho. Kwa Idrisa hilo la duara ndilo baya kuliko yote, ndege hapati pembe ya kujibanza. Nikaagiza pana. Fito za kutulia nimekata mwenyewe, za mpera.

Nilidhani shughuli imeishia hapo.

Alhamisi alasiri nakunja nguo, nyuma yangu mtu akakohoa.

Kikohozi cha mtu mzima, kizito, kilichoishia kwa kuvuta pumzi kwa shida. Niligeuka. Mlango nilikuwa nimeufunga kwa komeo. Kisha ikaja sauti nyembamba, kama simu inayoongea chini ya mkoba: "Zuhura. Nigeuze." Ukafuata mkwaruzo, kama chaga za kitanda zinazolalamika. Halafu sauti nyingine, ya mtu mwenye umri mdogo zaidi, aliyechoka: "Nakuja, mama. Nakuja."

Vyote vilitoka ndani ya tenga.

Simjui Zuhura yeyote.

Nilisoma Ayatul Kursiyu. Nikajiambia ni ndege tu, amesikia, anarudia. Hata hivyo tangu siku hiyo nikawa naoga mlango wazi.

Jana mwanamume akapiga simu, anajiita Saidi, anakaa upande wa Naliendele. Hakusitasita: mweupe, baka la bluu chini ya tumbo, macho yasiyo na duara. Nikamwambia aje leo baada ya swala ya adhuhuri. Habari ya kikohozi sikumgusia. Ningeanzaje?

Alikuja na dada yake. Yeye aliingia, akavua viatu, akaketi. Dada mtu alibaki barazani anakung'uta mwavuli ambao ulishakauka. Nikamwita, "Karibu ndani, dada, usisimame hapo."

"Nakuja," akasema. "Nakuja."

Ilikuwa sauti ileile ya Alhamisi, na uchovu uleule mwishoni.

Ndege naye aliisikia. Akakohoa. Akavuta pumzi. "Zuhura. Nigeuze."

Yule dada aliangusha mwavuli akaingia mbio na viatu vyake, akanipita kama sipo, akainama juu ya kochi. Mkono mmoja kaupitisha chini, mwingine juu, kama anayempokea mtu begani na kiunoni. Pale kwenye kochi hapakuwa na mtu. Alibaki hivyo, ameinama, mikono imebeba hewa, mpaka kaka yake akamwita jina: Zuhura.

Saidi alikuwa analia. "Ndiye. Ni mama kabisa."

Mama yao alilala kitandani muda mrefu kabla hajafariki, na tundu la kasuku lilikuwa linaning'inia dirishani kwake. Zuhura ndiye aliyemuuguza, na kumgeuza ili mgongo usifanye vidonda. Saidi alikuwa ng'ambo, Msumbiji. Taarifa ya msiba ilimkuta huko, mto Ruvuma umejaa na pantoni haivuki. Alipofika nyumbani, mama alishazikwa.

"Uliniambia ndege kaliwa na paka," Saidi akasema. "Hata unyoya sikuuona, ndiyo maana nikapiga simu."

"Nilimfungulia mimi." Zuhura alikuwa amekaa sakafuni sasa. "Tumetoka kuzika, wageni wamejaa, naitwa. Nikaenda. Kitanda kitupu. Kesho yake naitwa. Kila ndege akiita mwili unanyanyuka kabla yangu, Saidi. Wewe unasikia mama. Mimi naitwa, nikifika hayupo."

Nikawapikia chai.

Saidi akatoa simu arekodi. Ndege akanyamaza. Akala uwele, akajichokoa manyoya, akamtazama kwa yale macho yake, au hakumtazama. Chai ikapoa. Simu ikabaki imenyooshwa mpaka mkono ukachoka.

Ndugu hao wanaishi nyumba moja, kwa hiyo kumchukua haiwezekani. Wakaomba akae kwangu. Ndipo Saidi akauliza kama anaweza kusahau. Nikamjibu nilivyoambiwa na Idrisa, kwamba maneno ambayo kasuku hawayasikii tena huwatoka polepole, hasa wakifundishwa mengine.

"Basi usimzungumzishe, dada, nakusihi," Saidi akasema. "Ijumaa nitarudi nijaribu tena."

Zuhura aliaga wa mwisho. Mlangoni alinishika kiganja, mkono wake wa baridi, akanong'ona ili kaka yake asisikie: "Mzungumzishe. Mchana kutwa. Tafadhali."

Tangu waondoke sijatamka neno humu ndani. Mume wangu alipopiga, niliipokelea simu uani, kwenye matope. Natembea kwa ncha za vidole kama niliye na mgonjwa chumbani. Tundu pana linaletwa kesho, na fundi ni mtu wa kelele, ataingia na salamu zake zote.

Nikikaa kimya, mwanamke wa watu ataendelea kuomba ageuzwe ndani ya nyumba yangu. Nikimfundisha ndege hata "habari za asubuhi", je, nitakuwa namfundisha, au namzika mama wa watu mara ya pili, na safari hii pia mwanawe wa kiume hayupo?

Nimempa Saidi mpaka Ijumaa. Jumamosi nitafungua mdomo.