Wijdan na mayai ya minyoo

Asya shoga, Wijdan kaumbuka leo hapa maabara, wallahi!

Mchumba wake Hamdun kaleta tena mavi ya mbuzi kupimwa minyoo. Kila wiki mbuzi wanaumwa, na kila wiki kichupa anampa Rasha, mpimaji mwenzake Wijdan, si yeye!

Rasha kapima, kasema hamna kitu. Wijdan roho yamchoma, kamsukuma, kainamia hadubini. "Mayai! Mayai tele! Hata mayai ya minyoo huyajui?" Mji mzima wa Ibra umesikia.

Rasha akatazama tena. "Huu unga wa maua ya mtende dume. Hamdun, hukunawa mikono?"

Unga, Asya! Unga wa mtende!

Bora Wijdan angenyamaza. Kamgeukia Hamdun: "Umeutoa wapi, na kwenu hamna mtende hata mmoja?"

"Nilikwenda kuwapakia mitende yao huo unga, izae... kina Rasha."