Kilemba juu ya nywele zenye maji

Fatu, soma peke yako. Harusi haipo tena.

Jana shangazi yake mchumba wangu Mwinjuma alikuja kunisuka. Alipofungua kilemba changu akarudi nyuma, akaziba pua. "Mwali, kichwa kinanuka! Umefuga nini humu?"

Mbele ya wanawake wote aliokuja nao, Fatu.

Kulikuwa na ukurutu na vidonda. Nilijua kunawasha, ila niliona haya kumwonyesha mtu. Tangu tuhamie kijiji cha ujamaa naosha nywele alfajiri, kengele ya shamba inalia, nafunga kilemba zikiwa bado zinachuruzika. Jioni nikifungua, bado zina majimaji.

"Ukiosha nywele, zianike mpaka ngozi ya kichwa ikauke, ndipo ufunge," shangazi akasema. "Mama yako hakukufundisha?"

Mama yangu! Alikufa nikiwa darasa la pili, na shangazi anajua.

Wakaninyoa zote kwa wembe ili nipakwe dawa. Mmoja akasema, "Tumepata bibi harusi wa Kimasai!" Wakacheka. Na mimi nikacheka, sijui kwa nini.

Shangazi akasema hawezi kupeleka kwao mwali mwenye maradhi. Maradhi! Ni maji tu, Fatu.

Mwinjuma alikuwa amekuja kumchukua shangazi yake. Alisimama mlangoni, akayasikia yote. Nilimngoja aseme neno moja tu.

Akazichukua zile kanga walizoniletea, akazifunga kwenye baiskeli. Alizifunga vizuri, kwa kamba mbili, zisije zikaanguka njiani.