Hesabu Isiyongojewa

Jumatatu, 5 Mei

Umeme upo. Nimewasha hesabu ya binti yangu Bernadette kwenye kompyuta kabla ya chai, itamalizika jioni. Jirani yangu, Papa Ngoie, amefika na kiti chake. Nimemweleza tena kazi ya binti yangu huko Johannesburg: mtu analipa kidogo leo apate haki ya kununua shaba baadaye kwa bei waliyokubaliana. Asipotaka, anaacha, na alicholipa kinapotea.

“Si kama kushika binti kwa mahari kidogo?” akasema. “Usipooa, baba mukwe anakula!”

Ndivyo hasa. Swali ni haki hiyo ina thamani gani leo. Mashine inaisafirisha bei ya shaba kwa njia nyingi za kubuni, kisha inatafuta wastani. Pole pole. Tumekaa mpaka jua likashuka.

Jumatano, 7 Mei

Kadi aliyonitumia Bernadette imefika, ile ya kuchomeka ndani ya kompyuta, ya michezo. Mashine ya zamani ni karani mmoja hodari: hesabu moja, kisha nyingine. Kadi ni darasa kubwa, kila mwanafunzi na hesabu yake, wote kwa wakati mmoja.

Hesabu ya siku nzima imeisha kabla Papa Ngoie hajakaa vizuri.

“Sasa haina zamu, Mwalimu.” Akabeba kiti chake.

Ijumaa, 9 Mei

Papa Ngoie hakuja. Jana pia.

Jibu la kadi si sahihi. Nimetafuta asubuhi yote. Kumbe wanafunzi wote walianza na namba ileile ya kubahatisha, wakapita njia ileile. Darasa zima limenakili karatasi moja! Nimecheka peke yangu. Kicheko cha mtu mmoja ni kitu kibaya.

Jumanne, 13 Mei

Nimesahihisha. Bernadette amefurahi. Anataka kila kitu kwa njia hii. Hesabu inakwisha, halafu siku nzima inabaki.

Sokoni Kikula nimekutana na mke wa Ngoie. Nikamuuliza kama mumewe anaumwa. Hapana, ni muzima. Akanieleza: kwenye tanuru la shaba alikofanya kazi zamani, moto haukuachiwa mtu mmoja. Lazima wawili. “Alikuwa anakuya kukusaidia kulinda machine.”

Mimi nilidhani anakuja kwa ajili yangu. Imeniuma.

Alhamisi, 15 Mei

Nimefikiria kurudisha mashine kama zamani, ili zamu irudi. Nikachomoa hata waya wa kadi. Lakini huo ungekuwa uongo. Nikarudisha waya.

Jumapili, 18 Mei

Baada ya misa nimekwenda kwa Papa Ngoie. Sijawahi kukaa uani pale. Siku zote yeye ndiye aliyekuja. Amesimama haraka.

“Machine imeharibika?”

Nikasema ni nzima.

“Basi uko unangojea nini, Mwalimu?”

Nikamwambia singojei kitu.

Akaniangalia. Akaingia ndani, akatoka na kiti cha pili.