Mlango Mpana wa Mama

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo huko uliko? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa na kusingizia vumbi? Sisi tu wazima. Mama naye mzima, tangu alfajiri anapigilia misumari kwenye sofa la mteja kana kwamba barabara haiji.

Barabara inakuja, Kaka. Nyumba yetu imeshapigwa alama nyekundu. Fidia ndiyo itakayoamua kama Mama atajenga tena penye nafasi ya karakana au atastaafu kwa lazima, na unajua Mama akikosa nyundo atatugeukia sisi.

Sasa sikia tulivyojiponza. Aliposikia mthamini anakuja, Mama alisema mgeni wa serikali hawezi kukuta nyumba imejaa sponji. Tukahamishia kila kitu kwa jirani: masofa, cherehani, mbao, hadi gundi. Tukapiga deki. Mthamini akanywa soda, akapima kuta, akaaga. Taarifa ilipotoka, karakana imeandikwa sebule. Ule mlango mpana, ambao marehemu Baba aliubomolea ukuta ili masofa yapite, umeandikwa kasoro ya jengo, na thamani ikapunguzwa.

Baba mdogo akashauri tutie sahihi yaishe. Hata mimi nilinywea.

Mama hakunywea. Kwenye kikao cha malalamiko alisimama mbele ya watu wote, akamgeukia mthamini.

"Mwanangu, karakana nilikuficha mimi mwenyewe, kosa langu hilo. Na wewe niambie, nyumba unaijuaje kwa kuiona siku moja, tena imeoga? Huo mlango unaoukata thamani ndio uliosomesha wanangu."

Watu walicheka. Yeye hakucheka, alisubiri jibu. Kaka, nilijivuna mpaka nikaona haya.

Mthamini naye nampa haki yake, hakujitetea. Alisema atarudi bila kutoa taarifa, na juzi alirudi kweli. Alitukuta tunahangaika na sofa kubwa, akavua koti akatusaidia kulipitisha mlangoni. Gundi ikamganda kwenye suruali. Pale pale akafuta sebule, akaandika karakana, na mlango akauhesabia kuwa sehemu ya kazi.

Kikabaki chumba chako, kilichofungwa tangu uondoke. Alieleza kwamba chumba kisichotumika hupunguziwa thamani, kisha akamuuliza Mama aandike nini. Nilidhani atasema unakuja kila likizo, nani angembishia? Mama alishika kitasa cha mlango wako.

"Andika hakitumiki," akasema. "Mara hii sifichi kitu."

Baba mdogo anakusalimu, na jirani yetu anauliza lini utamwoa binti yake. Mungu akulinde, akufungulie njia ya nyumbani kabla tingatinga halijafika.

Mimi nikupendaye siku zote,
mdogo wako,
Kitindamimba