Maji Yalitoka Tukiwa Kwenye Bajeti

Temeke, Jumapili, Oktoba 1995

Na ndoo zangu bado tupu. Hasira haijaniisha.

Asubuhi tulipanga foleni bombani, maji hayajatoka. Jirani yangu, Mwalimu Neema, akasema chama chake kina wachumi, kikishinda uchaguzi kitatandika mabomba mapya mtaa mzima. Nikamuuliza, "Hela watatoa wapi?"

"Kwenye kodi."

Bi Mwanaisha, naye yuko foleni, akaruka: "Kodi ya nani? Ya vitumbua vyangu?"

Tukasogea kivulini tubishane vizuri. Maji yakatoka, wa nyuma yetu wakajaza, yakakatika. Sie bado tuko kwenye bajeti.

Nyumbani nikamweleza mama mkwe, hajaoga tangu juzi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Haya, mwanangu. Katika hao wachumi, yupi anakuja kuniogesha?"