Tundu la Dirisha kwa Rukia

Jumatatu, 3 Februari
Chai ya tangawizi. Dawa ya presha. Kisha simu ya kila asubuhi kwa dada yangu Rukia, Mji wa Kale. Nyundo zinasikika. Mwanawe, Athmani, anang'oa dirisha kubwa la ghorofani. Mbao zimeoza, ataka alumini kabla ya Ramadhani. Nimeshtuka, nikamtaka Athmani simuni. Mtaa ule umehifadhiwa kisheria: mbao hubadilishwa kwa mbao, umbo lile lile, na kwa kibali.

"Kibali ni cha kutia, mjomba, si cha kutoa."

Amekosea.

Jumatano, 5 Februari
Afisa wa uhifadhi amesimamisha kazi. Hakuna kugongomea hata ubao mpaka ukuta ukaguliwe na mchoro ukubaliwe. Wiki kadhaa, labda miezi. Sheria hiyo naiunga mkono. Bila yake mtaa ungekwisha zamani. Lakini tundu li wazi, kutoka sakafuni kwenda juu. Na Rukia haoni ila mwanga. Kila alasiri huketi pale chini, akaegemea kimia cha dirisha, zile mbao za matundumatundu. Mwili wake haujui kwamba kimia hakipo.

Naogopa.

Alhamisi, 6 Februari
Nimevuka daraja kutoka Kisauni kwenda kumwona. Athmani amefunga kamba na pazia. Pazia! Chini ni mawe ya kichochoro. Nikasema tusogeze kabati, tuzibe.

"Mtanizika mzima?" Rukia akacheka. "Miye nyumba hii naijua kwa miguu. Wewe ndiye uliyeisahau, kaka."

Kabati likabaki pale pale.

Jumamosi, 8 Februari
Simu haikupokewa. Tena haikupokewa.

Adhuhuri Athmani akapiga, anahema. Rukia alisikia vikombe vya muuza kahawa, akasogea, akaegemea. Kamba ikakatika. Athmani akamdaka leso aliyojifunga na mkono. Bega la Rukia limeteguka. Yu hai.

Nilipozungumza naye hakuwa na mzaha wowote. Akasema tu, "Kaka, nilikuta hewa."

Mwandiko wangu leo haufai.

Jumatano, 12 Februari
Rukia yuko kwangu, Kisauni, na begi moja. Atakaa mpaka dirisha lirudi. Yu salama. Jana nililala usingizi.

Alasiri ameketi chini sebuleni, akapapasa ukuta kwa mkono mzima. Akauliza barabara iko upande gani. Nikamwelekeza.

"Ni kwa muda tu, sivyo, kaka?"

Nikamwambia ndiyo. Sikumwambia kwamba nami nilihamia hapa kwa muda tu.