Salamu za Mzee wa Igalula

Mpendwa Baba,

Najua ungeanza kwa kuuliza mtoto wa kike wa kidato cha nne anatafuta nini nje ya ukumbi wa muziki saa sita usiku. Tulia kwanza. Mama anajua, na Mama Salome, yule nesi jirani yetu, ndiye anayenichukua na kunirudisha mpaka mlangoni.

Tuna kikundi cha kujitolea. Kila Jumamosi tunaweka meza kwenye baraza la duka la vitambaa, tunagawa maji, uji wa moto, na ndala kwa akina dada walioshindwa na viatu virefu. Aliyezidiwa na pombe tunakaa naye mpaka apatikane wa kumrudisha kwao. Hatumhubirii mtu. Kitabu cha mafunzo kilikuja kwa Kiingereza, nikakitafsiri mimi, maana shuleni nasoma kwa lugha zote mbili. Baada ya hapo nilijificha kwenye kuosha vikombe. Unanijua.

Unakumbuka "Toka, ingia tena"? Nikirudi kutoka shule nikasalimia kwa sauti ya chini, hukuwa na neno jingine. Natoka na begi langu mgongoni, naingia upya. "Huyo nani, mbu?" unauliza, Mama anacheka jikoni. Kuna siku niliingia mara tatu. Siku hiyo nilikuchukia kidogo, nisikufiche.

Na kuna jingine sijamwambia mtu. Siku ile ya mwisho hospitali, chumba kilijaa wajomba na majirani, nikaona haya. Nikasimama nyuma ya shangazi, shikamoo yangu ikaishia kooni. Ukanitazama, halafu ukatazama mlango. Nilielewa, Baba. Sikutoka. Alfajiri ukatutoka, na mimi nimebaki na ile salamu mwaka mzima.

Sasa sikiliza ya Jumamosi iliyopita. Mzee mmoja wa rika lako alitoka ukumbini anayumba, ufunguo wa pikipiki mkononi. Anakwenda Igalula. Usiku ule, barabara ile, na mguu wenyewe haupati pa kukanyagia. Kaka Shija, mwenzetu mwenye nguvu, akashika usukani.

"Mzee, utakufa njiani."

"Niachie chombo changu, usije ukatangulia wewe."

Mama Salome alikuwa ndani ya ukumbi anamhudumia dada aliyezimia. Shija akanigeukia. "Wewe si ndiye mwenye kitabu? Fanya basi."

Kitabu kinasema mtazame mtu machoni, umtajie jina lako, umuulize umsaidie nini. Nikafanya hivyo hivyo nilivyotafsiri. Mzee akanikazia macho.

"Mtoto, mimi na wewe tumecheza wapi? Unanitolea macho, unanitajia jina, salamu hata moja huna?"

Watu wakacheka. Nilitamani kurudi kwenye vikombe vyangu. Tayari mzee alikuwa amepandisha mguu, ufunguo unatafuta tundu. Ndipo nikakusikia, Baba.

Nikatoka. Nilitembea mpaka nje ya mwanga wa taa ya baraza, nikageuka, nikaingia tena. Nikapiga goti kidogo, kama ulivyotufundisha.

"Shikamoo, baba."

Shija anasema nilisikika mpaka ng'ambo ya barabara.

Mzee akashusha mguu, akavuta shati likae sawa. "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, baba. Za kwenu?"

"Njema. Wewe wa wapi?"

"Kwetu Puge."

"Puge? Nina shemeji huko, mbishi kama nini." Akacheka peke yake. "Sasa unataka nini?"

"Nakuomba ufunguo, baba. Ukae kwanza, unywe uji."

Nikanyoosha mikono yote miwili, kama mtoto anayepokea kitu cha mkubwa. Akaupangusa ufunguo kwenye shati. Halafu akauweka viganjani mwangu. Akakaa kwenye benchi, akanywa vikombe viwili, akalalamika kwamba sukari haitoshi, akasinzia. Baadaye mpwa wake anayeishi hapa mjini akaja kumchukua, pikipiki ikalala barazani.

Tangu siku ile kitabu chetu kina ukurasa mpya mwanzoni. Nimeuandika kwa mkono wangu: salimia kwanza. Wanakikundi wenzangu, wengine wana wajukuu, wanaufuata. Najivuna, Baba. Najivuna kwa ajili yako zaidi, maana kazi ile uliifanya wewe pale mlangoni petu, kwa miaka, bila kuchoka.

Lakini kilichonifanya niandike ni kingine. Mzee alipokuwa anaondoka, ameegemea bega la mpwa wake, aligeuka akasema, "Ukifika nyumbani, msalimie baba yako."

Nikajibu kama inavyojibiwa: "Zimefika." Zilikuwa hazijafika.

Sasa zimefika. Na ile yangu, ya hospitali, naileta humu humu. Nimetoka, Baba, nimeingia tena.

Shikamoo.

Ni mimi, yule mbu wako,
binti yako wa mwisho.